Jino la Maziwa, Jino la Mahindi

Katika ploti yetu ya Soweto West, Kibera, jino la mtoto lililolegea lilikuwa kazi yangu. Mimi ni fundi wa viatu. Uzi wangu naupaka nta ili usikatike, na kina mama waliona mwenye uzi kama huo ndiye wa kuitwa. Mtoto aliletwa amefunika mdomo kwa kiganja. Nilimkalisha kwenye kigoda cha wateja, nikafunga kitanzi kwenye jino, nikaanza kumuuliza habari za mpira, na kabla hajamaliza kunijibu jino lilikuwa mkononi mwangu. Wengine walicheka kwanza, wakakumbuka kulia baadaye.

Halafu ikaja zamu ya paa. Sehemu hiyo nilifundishwa na mama. Mtoto anashika jino lake mwenyewe, anasimama mlangoni, anasema, "Shika la maziwa, nipe la mahindi," kisha anarusha juu ya mabati na sote tunanyamaza kusikiliza. La maziwa ni la utoto. La mahindi ni la kutafunia mahindi ya kuchoma, na hilo ndilo unalozeeka nalo. Jino likilia mara moja juu ya bati na kunyamaza, jipya liko njiani. Likibingirika hadi chini, unaokota na kurusha tena. Paa zetu zimekaribiana sana, na mtoto akirusha vibaya jino linalala kwa jirani. Hapo wenzake humzomea kwamba sasa mtoto wa jirani ndiye ataota jino lake.

Mama alituacha nikiwa kidato cha pili. Baba alikuwa ametangulia. Nilitoka shuleni muhula ule ule, nikakaa kando ya fundi mmoja hadi mikono yangu ikazoea sindano. Nyumbani tulikuwa wanne: mimi, wale wawili wa katikati, na kitinda mimba wetu, msichana ambaye mama alimwacha hata hajajua kusimama vizuri. Wale wawili niliwatoa meno yote ya utoto kwa uzi wangu, na yote yako juu ya paa letu. Sikuwa na mengi ya kujivunia. Hilo nilijivunia.

Kitinda mimba alipofika umri wa kwenda shule, mama mdogo alikuja kumchukua. Ni dada yake mama, anayemfuata kwa kuzaliwa. Anaishi Kawangware, upande wa kuelekea Riruta Satellite, ghorofa ya tatu, ana duka la vitambaa vya pazia na hakujaliwa mtoto. Alikaa kitandani kwetu, akanywa chai yake yote, kisha akasema, "Wacha huyu asomee kwangu. Ijumaa nitakuwa nakuletea, Jumapili namchukua. Likizo ni yako yote."

Hakukuwa na la kubisha. Shule ilikuwa karibu na mlango wake, na mimi nilikuwa nikimwacha mtoto kwa jirani siku nzima nikishona soli. Nilisema ndiyo. Nilimfungia nguo zake kwenye begi nililolishona mwenyewe, na nilipowaona wakitoka, kile kimkono ndani ya mkono wa mama mdogo, nilihisi kitu ambacho wakati ule nilikiita huzuni. Ulikuwa wivu. Nimechukua miaka kukubali kuuita kwa jina lake.

Jino lake la kwanza lilitoka huko. Alishuka Ijumaa moja na pengo mbele, akicheka ulimi ukichungulia.

"Bro, cheki! Ilitoka kwa tufaha!"

"Tufaha?"

"Nilikuwa nakula tufaha, nikaskia kama mbegu. Kumbe ni jino!"

Sisi tufaha tulikuwa tukiliona kwa mwenye mkokoteni, tukilisalimia kwa macho na kupita. Nilimuuliza jino liko wapi. Akasema walilirusha. Mama mdogo alisimama naye kwenye baraza la ghorofa wakalirusha chini, juu ya mabati ya banda la muuza makaa. Maneno alikuwa ameyasema mama mdogo: shika la maziwa, nipe la mahindi.

Ni maneno ya mama. Lakini mama alikuwa dada yake kabla ya kuwa mama yangu, na bila shaka waliyapata kwa nyanya yangu wote wawili. Nililijua hilo vizuri. Hata hivyo niliona kama mtu ameingia kwangu nikiwa kazini akachukua sufuria. Jino lenyewe lilirushwa kuelekea chini! Nani amewahi kurusha jino chini?

Nilimwambia, "Ifuatayo utangoja uje hapa."

"Na ikitoka Tuesday?"

"Ishike."

Baada ya hapo masomo ya meno yakaanza. Shuleni kwao huja mama mmoja anayefundisha watoto kutunza meno. Hubeba taya kubwa la plastiki na mswaki mrefu kama wa kusugulia choo, na watoto humwita tichaa wa meno. Kitinda mimba alimpenda kuliko walimu wote. Alianza kuja Kibera na mswaki wake ndani ya mfuko wenye zipu, mswaki wa zambarau wenye kofia, na asubuhi alinisimamia nje kwenye karai kama inspekta.

"Bro, usisuuze! Unatema tu. Ukisuuza dawa yote inaenda."

"Nani amesema?"

"Tichaa wa meno."

"Huyo tichaa ndiye alikubeba mgongoni?"

"Hapana. Lakini ako na meno yote. Wewe uko na pengo."

Mama wa mlango wa pili alicheka hadi akaweka ndoo chini. Mimi pia nilicheka, kwa mdomo tu. Nilisuuza mara tatu, makusudi, maji yakiruka huku na huku.

Alinifundisha mengine ambayo sikuyauliza. Kwamba dawa ya mtoto ni kiasi cha punje ya njegere, si mchirizi mzima. Kwamba unasugua taratibu kwa mizunguko midogo, pale jino linapokutana na ufizi, kwa sababu uchafu hujificha hapo. Kwamba mtoto mdogo hajui kufika nyuma, kwa hiyo mtu mzima amalizie. "Mami hunimalizia," alisema. Mami alikuwa mama mdogo. Alianza kumwita hivyo bila kutangaza, na mimi ninayeziba kiatu kilichopasuka bila kushindwa sikujua pa kulishika neno hilo.

Nikatafuta silaha yangu. Kule kwa mama mdogo hakukuwa na peremende, hakukuwa na soda ila Krismasi, na baada ya kusugua meno usiku hapakuliwa kitu. Mimi nikaamua Kibera iwe tamu. Karibu na kibanda changu kuna mama wa kwetu, Magharibi, anayeuza sukari nguru inayotoka kule kwenye miwa, vipande vya kahawia iliyokolea vyenye harufu ya moshi. Mama alikuwa akitupa kipande tukalale nacho shavuni, tunyamaze. Kila Ijumaa nilikuwa na kipande kimefungwa kwenye karatasi. Kitinda mimba alishusha begi na kukimbilia mfuko wa aproni yangu.

"Tichaa wa meno anasema sukari usiku ni mbaya," alisema mara ya kwanza, kipande kikiwa tayari shavuni.

"Hii si sukari ya duka. Hii ni chakula cha nyumbani. Mama alitulea nayo."

"Na mswaki?"

"Leo ipumzike."

Niliamini nusu ya niliyosema. Kwa akili yetu, sukari mbaya ni ile nyeupe na ile ya peremende zenye rangi. Nguru ni ya kwetu, inapikwa na watu tunaowajua, inawekwa hata kwenye uji wa mgonjwa. Nusu nyingine sikuiamini, ila nilipenda jinsi alivyoniegemea akimumunya, macho yakilegea. Jumapili mama mdogo alimkuta na meno yamenata, akaniangalia, akasema tu, "Utamu ni Ijumaa hadi Jumapili siku hizi?" Nikajibu kwamba mtoto amekuja kwao, lazima akaribishwe.

Miaka miwili ilipita namna hiyo. Meno ya mbele yalitoka na kuota. Mawili yalitoka Kibera, na nilihakikisha ploti nzima imeyasikia yakilia juu ya bati. Mengine yalitoka kule. Kila lililotoka kule lilinikera kama msumari uliochomoza ndani ya kiatu.

Likizo ya Aprili, akiwa na miaka minane, alikuja akitafunia upande mmoja. Nilimfungua mdomo kwenye mwanga wa mlango. Nyuma kabisa, chini upande wa kulia, palikuwa na jino pana lenye shimo jeusi katikati. Asubuhi iliyofuata mama mdogo alipiga simu.

"Mmeamka? Sikiza. Hiyo jino ya nyuma inamuuma, msiiguse. Tichaa wa meno aliiangalia na taa, anasema ni ya ukubwa. Jumatano nakuja nimpeleke kliniki izibwe."

"Ya ukubwa aje, mama mdogo? Hapo nyuma hakuna kitu imewahi kutoka."

"Hata mimi nilishangaa. Anasema hiyo inaota tu, nyuma ya zote, mtoto akifika miaka sita. Haingoji nyingine itoke."

"Sawa."

"Sawa gani? Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilikuwa nimesikia. Lakini nilikaa kibandani siku nzima nikibishana na simu iliyokwisha kukatwa. Nilikuwa nimetoa meno ya watoto wa ploti nzima kwa mkono wangu. Kila mtu anajua utaratibu: la maziwa linatoka, la mahindi linaota palepale. Jino ambalo halikutanguliwa na lingine haliwezi kuwa la mahindi. Na kama ni la maziwa limeoza, si litolewe, lirushwe, jipya lije? Kwa nini kuliziba kama ndala? Nikaona ni mambo ya tichaa wa meno na taa yake, na mama mdogo anayechukua kila kitu. Alichukua jino la kwanza. Alichukua neno mami. Sasa anataka Jumatano aje amtoe mtoto katikati ya likizo yangu.

Nikajiambia kwamba jino hili litatoka Kibera na kulala juu ya bati la Kibera.

Jumanne nilijaribu uzi. Kitinda mimba alikaa kwenye kigoda, akaniamini. Nilivuta kidogo, akapiga yowe. Jino halikucheza hata unywele. Hapo ndipo mkono wangu ulijua, kwa sababu mkono wa fundi hujua soli iliyoachia na soli iliyoshika. Sikuusikiliza. Nilimshika mtoto mkono, tukashuka hadi upande wa reli, kwa mtu mmoja anayeng'oa meno katika chumba chenye pazia. Watu humwita daktari. Cheti chake sijawahi kukiona na sikukiuliza.

Alimchungulia mdomoni, akakunja uso. Kisha akaniuliza mimi.

"Hii ni ya utoto ama ya ukubwa?"

Nimekumbuka swali hilo mara nyingi kuliko maneno ya mwisho ya mama. Alinipa nafasi. Kitinda mimba alinitazama kutoka kwenye kiti cha saluni alichokalishwa na yule mtu, akingoja nijibu, kwa sababu yeye alikuwa ameambiwa jibu na tichaa wa meno na alitaka kuona kama na mimi ninalijua.

"Ya utoto," nikasema. "Ako miaka nane tu."

"Bro," alisema. "Tichaa alisema..."

"Tichaa hayuko hapa."

Yule mtu alimchoma sindano ya ganzi. Mimi nilimshika mabega. Haikuwa kama uzi wangu. Ilichukua muda, na yule mtu alianza kutokwa na jasho, akaweka goti kwenye kiti, na mtoto hakulia kwa sauti, alitoa mlio mmoja mrefu puani. Jino lilipotoka aliliweka kwenye kiganja changu, juu ya kipande cha pamba, bila kuniangalia.

Jino la maziwa nalijua. Ni kikombe kidogo, chini tupu, kama kofia. Hili lilikuwa na mizizi miwili, mirefu kuliko jino lenyewe, imepinda kidogo kama miguu ya mtu aliyechuchumaa. Nilijua papo hapo kwamba nimeng'oa kitu kilichokuwa kimekuja kukaa.

Tulirudi nyumbani taratibu, yeye akiwa amebana pamba. Mlangoni alinyoosha mkono. Damu ilikuwa imemkauka kidevuni.

"Nipe nirushe," alisema, maneno yakimtoka kwa shida.

Watoto wawili watatu wa ploti walikuwa wameshasogea kusikiliza.

"Hili haturushi," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Halirudi."

Hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliingia ndani akalala akielekea ukutani, na mimi nikakaa kwenye kigoda cha wateja, jino ndani ya kiberiti kitupu.

Jumatano mama mdogo alifika akiwa amevaa nguo za kanisani, kwa sababu kliniki ni pahali pa heshima. Nilimfungulia kile kiberiti kabla hajakaa. Aliangalia ile mizizi.

"Nilikuambia?"

"Uliniambia."

"Na ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi ni nini?"

Ningeweza kusema sikuelewa. Angenisamehe upesi, maana mimi ni yule aliyeacha shule ili wengine wale. Nikamwambia ukweli, kwamba nilitaka litoke hapa na si kwake. Nikamwambia na habari za sukari nguru na mswaki uliopumzishwa. Alikifunga kile kiberiti, akanirudishia. Mwishowe alisema, "Dada yangu angekuchapa na mwiko," kisha akafuta macho kwa kanga yake, akampeleka mtoto kliniki hivyo hivyo ili jeraha liangaliwe. Nilienda nao. Huko muuguzi alimfungua mdomo akatuonyesha mengine matatu ya aina ile, nyuma, kila pembe moja. Mawili yalikuwa mazima. La tatu lilikuwa na alama nyeusi ndogo kama ncha ya sindano yangu, na hilo lilizibwa siku hiyo. Niliomba nishike taa. Nilitaka kuliona kwa macho yangu, nisiambiwe tena na mtu.

Tangu siku hiyo nasugua naye kwenye karai, Ijumaa hadi Jumapili. Natema, sisuuzi. Usiku namalizia nyuma mwenyewe, zile pembe nne, ile moja ikiwa ni ufizi mtupu, na yeye hunihesabia mizunguko kwa vidole. Sukari nguru tunakula bado, mchana, baada ya chakula, kisha maji. Mama anayeiuza alinuna kwa wiki mbili.

Watoto wa ploti bado wanaletwa kwa ajili ya uzi. Kabla sijafunga kitanzi nafungua kiberiti.

"Hii ni gani?" nawauliza.

"Ya mahindi!"

"Inaota wapi?"

"Nyuma ya zote!"

"Inangoja nyingine itoke?"

"Haingoji!"

Halafu nawafungua mdomo mmoja mmoja kwenye mwanga, na mwenye miaka sita namwonyesha mama yake jino jipya lililojipenyeza huko nyuma bila kuaga mtu. Mama wengi hushtuka. Walidhani ni la utoto, litatoka tu, ya nini kulisumbukia. Nawaambia hata mimi nilidhani. Siwaambii kwamba nilikuwa nimeambiwa.

Mwezi uliopita kitinda mimba alinipigia kwa simu ya mama mdogo. Ilikuwa Jumatatu. Jino la pembeni, la maziwa, lilikuwa likining'inia.

"Nimekula upande moja tangu jana," alisema. "Nataka nishike mpaka Ijumaa, nikuletee."

Nilikuwa na kiatu katikati ya magoti. Niliona jinsi ingekuwa: yeye mlangoni, watoto kimya, bati likilia. Nilitamani sana. Nikamwona pia akila upande mmoja siku nne, hasugui upande wa pili kwa kuogopa kuliangusha, chakula kikijaa pale.

"Usishike," nikamwambia. "Litoe leo. Sugua vizuri hapo, halafu mlirushe na mami."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo. Nikasikia akimwita mami, na mlango wa baraza ukifunguliwa, na gari la kuuza maji likipiga honi huko chini. Nilingoja. Mwanzoni nilisikia sauti mbili zikisema maneno ya mama, moja ya mtu mzima na moja yenye pengo. Baadaye, upepo tu.

"Imelia?" nikauliza.

"Imelia mara moja, ikanyamaza."

"Vizuri."

Nilirudi kwenye kiatu. Nilikuwa na wivu bado, hadi wa yale mabati ya muuza makaa. Nikapaka uzi nta, nikaendelea kushona.